Kitambaa cha Kioo na Mashine ya Gesima

Mwili wa Jayanti, mwajiri wangu wa zamani, ulichomwa Kisumu siku ya Jumanne, kwa desturi ya kwao Wahindi, na Ijumaa yake wakaniletea mashine ya Gesima. Mambo hayo mawili hayakuhusiana. Jayanti alikufa kwa uzee, na kanisa la Gesima lilikuwa limenunua mashine mpya ya kukuza sauti, ndogo, ya kubeba kwa mkono mmoja, basi mwana wa marehemu Mzee Ombati akaona ile ya zamani isitupwe, irudishwe kwa aliyeitengeneza. Aliiweka juu ya meza yangu ofisini, ghorofa ya pili, katika jengo ambalo ni langu, akafuta vumbi kwa kiganja, na jina langu likatokea kwenye kibati cha mbele: MOKAYA, KISII. "Baba alikuwa anasema hii ndiyo ya kwanza," akaniambia. Ni kweli, ndiyo ya kwanza. Baada yake nimetengeneza nyingi mpaka nimeacha kuhesabu. Ukiingia kanisa lolote kuanzia Ogembo mpaka Nyamira, ukasikia neno la mhubiri likifika hadi nje kwenye miti bila kukwaruza, uliza mashine ni ya nani. Mimi niliacha shule darasa la saba. Wahandisi wenye digrii huja kuniuliza mambo, na mimi huwaambia waketi kwanza. Sisemi hivi ili nisifiwe. Nasema kwa sababu ndivyo ilivyo.

Mwaka ninaotaka kuusimulia ni wa tisini na sita. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, fundi wa redio katika duka la Jayanti mjini Kisii. Duka lilikuwa refu na jembamba. Mbele palikuwa na mwanga, redio mpya na tochi zikiwa zimepangwa kwenye vioo. Katikati palikuwa na meza yangu ya kulehemu, chini ya taa moja. Na nyuma kabisa kulikuwa na mlango uliofungwa kwa kufuli. Nyuma ya mlango huo palikuwa na chumba chenye dirisha kubwa la kuelekea uani na meza pana ya mbao ngumu, ambapo kaka yake Jayanti alikuwa akitengeneza mashine zake mwenyewe kabla hajafa. Tangu hapo hakuna aliyefanya kazi humo. Saa nne kila asubuhi mke wa Jayanti alituma chai kutoka ghorofani, yenye tangawizi ya kuchoma koo, na siku ya Alhamisi kachori mbili kwa kila mtu. Nilikunywa ile chai nikiangalia kufuli. Kutengeneza redio za watu sikukuona kuwa ni kazi ya mtu kama mimi. Nilitaka kile chumba, na nilitaka kitu kitoke humo kikiwa na jina langu usoni, kama vile vitu vyote vya Nairobi vilivyokuwa na majina ya watu wengine.

Jayanti alikuwa mwembamba, mwenye sweta la kijivu hata jua likiwaka, na alikuwa na tabia moja iliyonichosha. Hakufunga nyaya kwa selotepu. Alichukua uzi wa pamba, akauvuta juu ya kipande cha nta mpaka ukawa mgumu, halafu akazungusha mara mbili, akapitisha chini, akakaza, na mkia uliobaki akaukata ukiwa na urefu wa punje ya mchele. Kila fundo, punje ya mchele. Alinifundisha mara tatu. Mara ya nne nikatumia selotepu mbele ya macho yake. "Wewe nafunga kama mtu nafunga kuni," aliniambia bila hasira. "Miaka ishirini, mtu nafungua hii, najua nani alifunga." Nikamjibu kwa jina la heshima tulilomwita wote, "Bhai, baada ya miaka ishirini redio yenyewe itakuwa imetupwa." Akacheka kwa pua, akaendelea na fundo lake.

Mapema mwaka ule alileta kutoka Nairobi mabaki ya mabao ya saketi yaliyobandikwa shaba juu. Hadi siku hiyo tulikuwa tumezoea yale ya rangi ya kahawia, ambayo ndani yake ni karatasi iliyoshindiliwa na gundi. Hayo ni kazi rahisi kuyakata, lakini ukiyapa joto la transista kubwa shaba inabanduka kama ngozi ya mtu aliyeungua. Haya mapya yalikuwa ya kijani hafifu, magumu, na ukiyashika dhidi ya mwanga uliona mistari midogo ikipishana ndani. Nilichora njia za umeme kwa rangi ya kucha ya mwanamke, nikalitumbukiza bao kwenye beseni lenye ile dawa ya kahawia inayokula shaba, na kilichobaki chini ya rangi ndicho kikawa waya. Hivyo ndivyo tulivyofanya. Kwenye bamba la kwanza kulikuwa na kona iliyovunjika, na mimi, kwa kujiona mjanja, nikakata mshazari ili niikwepe nipate mabao manne badala ya matatu. Yalitoka mazuri. Nilipoanza kuyalehemu, yakipata joto, yakajipinda. Uliweka bao mezani, kona moja ikasimama juu.

Barazani mwa duka alikaa Moraa, fundi wa nguo, na cherehani yake ya kukanyaga. Alikuwa akishona sare za shule na kusikia kila kitu. Ukimya wa cherehani ndio ulionijulisha kwamba ananitazama.

"Mokaya, hiyo sahani yako inanipungia mkono."

"Shona nguo, Moraa."

"Nitashona. Lakini ikianza kutembea, niambie niinue miguu."

Jayanti hakucheka. Alichukua kipande kilichobaki, akakibana kwa koleo, akakishika juu ya moto wa stovu nje barazani. Kikatoa moshi mweusi wenye harufu mbaya iliyofukuza wateja wawili. Gundi ilipokwisha kuungua, kwenye koleo kilibaki kitu cheupe, laini, kinachoning'inia. Sikuamini. Kilikuwa kitambaa. Kitambaa cha kioo, nyuzi zake zimefumwa juu, chini, juu, chini, kama shuka. Moraa aliinuka, akakichukua kabla yangu, akakivuta kwa urefu. Hakikukubali. Akakivuta kwa upana, hakikukubali. Akakivuta kutoka pembe hadi pembe, na kikanyooka kama mtu anayejinyoosha asubuhi.

"Hii ni nguo tu," akasema. "Na wewe umekata mshazari. Hata sketi ukiikata hivi bila kukusudia, inaning'inia upande mmoja na mwenye sketi anakuja kukutukana. Fuata uzi, bwana. Nyuzi za kusimama zisimame, za kulala zilale."

Ninalitaja jina lake hapa kwa sababu kwa miaka mingi nimewaambia watu kwamba niligundua jambo hilo mwenyewe. Siku hizi Moraa ana duka la sare Ogembo, na kila tukikutana hunisalimia, "Habari ya kukata mshazari?" Basi limeandikwa. Ni yeye.

Kulikuwa na mabamba ya aina mbili katika yale mabaki, na Jayanti alichoma kipande cha kila moja, akaviweka vile vitambaa viwili kando kando juu ya meza yangu. Kimoja kilikuwa na nyuzi nene, zimeachana, kila zinapopishana pana kinundu. Kingekuwa kikubwa ungekiita gunia. Cha pili kilikuwa na nyuzi nyembamba, zimebanana, laini kama leso iliyofuliwa mara nyingi. Unene wa bao lenyewe ulikuwa sawa. Tofauti ilikuwa ndani, kwenye mfumo wa uzi, mahali ambapo mnunuzi haoni. Hapo ndipo Jayanti alipotoa neno lake. Wazee wa kanisa la Waadventista kule Gesima walikuwa wamemwomba mashine ya kukuza sauti, ya kutumia betri ya gari, kwa sababu umeme ulikuwa haujafika kwao, na waliihitaji kwa ajili ya kambi ya Agosti, ile mikutano yao ya wiki nzima.

"Tengeneza wewe," aliniambia. "Mashine iseme wiki nzima, hata siku moja isinyamaze. Ikisema, chumba ya nyuma ni yako, na jina yako nakaa mbele. Ikinyamaza, wewe narudi kwa redio, mimi naleta mashine ya Nairobi. Sasa chagua bao."

Nikachagua gunia. Sikufikiri hata dakika moja. Mtu aliyekulia kwenye chai na ndizi anajua kwamba kitu cha kazi ni kinene na kitu chembamba ni cha kanisani. Moraa akanyamazisha cherehani.

"Ungechukua hiki laini."

"Gunia hubeba kilo tisini," nikamwambia. "Leso hubeba nini?"

"Leso hubeba mtoto mgongoni mwaka mzima," akasema, "na mtoto hachubuki. Mtie mtoto wako kwenye gunia uone."

Nilimtazama Jayanti anisaidie. Alikuwa akivuta uzi juu ya nta. "Wewe ndiyo fundi," akasema.

Nilitumia miezi miwili. Safari hii nilikata sawasawa na uzi, na bao halikujipinda. Lilikaa mezani kama limemwagwa pale. Kutoboa ndiko kulikoleta tabu. Ncha ya drili ilipofika kwenye vinundu vya nyuzi nene iliruka, ikachana badala ya kukata, na kuzunguka kila tundu kukabaki duara jeupe, kama ukungu. Niliyaona yale maduara. Nilijiambia ni sura tu, na mashine haiendi kuolewa. Vidole viliniwasha kwa vumbi la kioo hata nikila. Mashine ilipokamilika niliiweka dukani ikiimba kaseti za kwaya tangu asubuhi hadi jioni, siku kumi, na haikukohoa. Watu walisimama barazani kusikiliza. Jayanti aliinamisha kichwa upande mmoja, kama anavyofanya daktari, kisha akasema, "Sauti nzuri." Kwa Jayanti hiyo ilikuwa hotuba.

Gesima kuna baridi ambayo mtu wa mjini Kisii haamini mpaka alale huko. Kambi ilikuwa uwanjani, maturubai yamefungwa juu ya miti, nyasi chini, na kuzunguka pande zote majani ya chai, kijani kimoja mpaka ulipokoma uwezo wa jicho. Nilikaribishwa nyumbani kwa Mzee Ombati, mzee wa kanisa, mtu mrefu mwenye sauti ndogo. Mimi ni Mkatoliki na walijua, wakanitendea kama mtu mwenye ugonjwa usioambukiza. Jambo moja lilinishangaza: chai ilikuwa imelimwa mpaka chini ya dirisha la chumba nilicholala, na ndani ya nyumba haikuingia hata jani moja. Ilikuwa marufuku kwao. Asubuhi waliamka alfajiri kuichuma ili wengine wanywe, halafu wao wakanywa maji moto yenye maziwa. Mama Kerubo, mke wa mzee, alinimiminia kikombe siku ya kwanza akaniona nikikichungulia. "Unatafuta nini humo, mwanangu? Rangi?" akasema. "Rangi tumeiacha kiwandani."

Jumatatu mashine ilisema. Jumanne, Jumatano na Alhamisi ikasema. Mhubiri alitoka mbali na alihubiri kwa Kiswahili, kando yake mkalimani akigeuza kwa Ekegusii, na kila mmoja alikuwa na maiki yake. Watu waliketi hadi kando ya mashamba na walisikia mpaka mhubiri anavyovuta pumzi. Nilikuwa nikipita katikati yao wakati wa mapumziko, mikono mfukoni, nikisikia, "Ni huyu. Huyu mdogo? Ndiyo, huyu." Nilikuwa nimeshapanga kichwani mahali pa kuweka meza katika kile chumba. Alhamisi usiku ilinyesha, na Ijumaa ukungu haukuondoka. Ulikaa chini ya maturubai pamoja nasi. Saa kumi alasiri mashine ikaanza kukwaruza, kidogo, kama mtu anayekanyaga majani makavu. Saa kumi na mbili na nusu ilikuwa inakaanga. Mkalimani alisogeza maiki mbali na mdomo akaitazama kama imemuuma. Nikazima, nikaibeba hadi kwenye meza nyuma ya jukwaa, nikatoa bisibisi. Nilikuwa nimefungua skrubu mbili kati ya nne mkono ulipokuja juu ya kifuniko. Ulikuwa mkono wa Mzee Ombati.

"Kijana, jua limeshuka."

"Mzee, nipe dakika kumi."

"Sabato imeingia. Hiyo ni kazi."

"Mzee, kesho ndiyo siku kubwa. Watu watakosa kusikia."

"Watasikia," akasema. "Walikuwa wanasikia kabla hujazaliwa." Na akaondoka na bisibisi yangu, akaiweka mfukoni mwa koti taratibu, kama mtu anayehifadhi kitu cha mgeni.

Nimewahi kupoteza mambo makubwa zaidi ya hilo, lakini sijawahi kukaa karibu na kitu ninachokipoteza kwa siku nzima nikikitazama tu. Jumamosi asubuhi walijaa kuliko siku zote. Mashine ilikaa kwenye meza yake, imefunikwa kwa kitambaa, kama marehemu. Na nikaona walivyofanya: mhubiri alisema sentensi, mkalimani akaigeuza, mtu mwenye kifua kikubwa aliyesimama katikati ya uwanja akairudia kwa kelele, na mwingine aliyesimama kwenye ukingo wa chai akairudia kwa walio nyuma. Maneno yalisafiri kwa miguu minne. Huyu wa mwisho alikuwa fundi wa matofali, na kila alipopokea neno aliliongezea kidogo. Nilikuwa karibu naye. Mhubiri alizungumzia upendo, na kufika kwetu ulikuwa umeshawagusa wanaopika pombe ya ndizi na wanaolisha ng'ombe kwenye shamba la jirani. Wanawake walikuwa wakicheka ndani ya leso. Mmoja alisema, "Hii mashine nyingine haihitaji betri." Mwenzake akajibu, "Na haizimiki." Nilijifanya sisikii.

Chakula cha mchana kilikuwa kimepikwa Ijumaa: ugali wa wimbi ndani ya kikapu cha kufumwa, mboga chungu ya saga iliyolala kwenye maziwa, na maharagwe yaliyokuwa yamefunikwa majivuni yapate joto. Sebule ya Mzee Ombati ilikuwa na viti sita, na kila kiti kimevikwa kitambaa cha mkono wa Mama Kerubo. Mezani alikuwa ametandika kimoja cha pamba nzito, cheupe. Nilikuwa nikila bila kusikia ladha. Tone la mchuzi wa maharagwe lilitoka kwenye kijiko changu likaanguka juu ya kile kitambaa. Niliona aibu, nikataka kulifunika kwa sahani, halafu nikaona linavyofanya. Halikuenea kwa mduara. Lilitoa mguu mmoja ukatembea kwenye uzi, likatoa wa pili ukaenda upande wa pili, na mwingine, na mwingine, mpaka likawa msalaba mdogo wa kahawia. Mguu mmoja ulilifikia tone lingine lililokuwa limeanguka kabla, kwenye uzi huo huo, yakashikana. Sehemu iliyokuwa katikati ya nyuzi ilibaki nyeupe.

Kwenye mfuko wa koti nilikuwa na bao la akiba, ndugu wa lile lililokuwa ndani ya mashine. Nikalitoa, nikaenda nalo dirishani.

"Unafanya nini?" akauliza Mzee Ombati.

"Natazama tu, mzee."

Akafikiri. Mama Kerubo akasema kutoka jikoni bila kutokeza kichwa, "Kutazama si kazi. Wewe mwenyewe ulitazama ng'ombe asubuhi." Mzee akarudi kwenye sahani yake.

Nililiinua bao mbele ya mwanga wa mlimani, na kila kitu kilikuwa pale tangu siku niliyotoboa. Yale maduara meupe hayakuwa sura tu. Kila tundu lilikuwa limechana uzi wake mnene, na ule uzi uliochanika ulikuwa umeachana na gundi, umebaki na uwazi mwembamba kama utambi. Matundu mawili, la umeme wa betri na la kuingilia sauti ya maiki, nilikuwa nimeyatoboa kwenye mstari mmoja, juu ya uzi mmoja, kwa sababu yalipendeza hivyo. Na duara la huku lilikuwa limetembea juu ya uzi, na la kule pia, yakakutana. Unyevu wa Gesima pamoja na mabaki ya dawa ya kula shaba ambayo sikuyaosha yakatoka vilikuwa vimefanya alichofanya mchuzi. Umeme ulikuwa unavuja kwa njia ya uzi, kidogo kidogo, na sikio la mashine lilikuwa linausikia. Kitambaa laini kingetobolewa safi, kingeziba mdomo wa kila tundu. Leso ya Moraa. Nilisimama pale dirishani mpaka mama akauliza kama nimeshiba.

Jumapili asubuhi Mzee Ombati alinirudishia bisibisi kwa mikono miwili. Sikuwa na bao jingine zuri, basi nilifanya dawa ya muda: kile kipande cha kupokea sauti niliking'oa kwenye tundu lake, miguu yake nikaiunganisha hewani, juu ya bao, isiguse uzi wowote. Haikupendeza. Ilikuwa kama jino linaloning'inia. Lakini mashine ikasema, safi, na wageni wa mbali wakaagwa kwa sauti ile ya Jumatatu. Saa saba mchana nilikuwa dukani Kisii, mashine begani, maana ilikuwa bado ya duka mpaka kanisa lije kuichukua.

Jayanti alikuwa amesimama nyuma ya kaunta. Aliuliza neno moja: "Ilisema?"

"Ilisema."

"Wiki nzima?"

"Wiki nzima, Bhai."

Akanitazama kidogo. Kisha akafungua droo, akatoa ufunguo, na chini ya ufunguo kilikuwapo kibati, kimeshachongwa na yule mtu wa Daraja Mbili anayechonga vibati vya baiskeli. Jina langu. Nilikipigilia kwenye mashine ile ile mchana huo, kwenye meza pana ya chumba cha nyuma, dirisha likiwa wazi. Nilitaka kufungua kifuniko nibadilishe bao kabla hawajaja kuichukua. Lakini Jayanti alikuwa ameegemea mlangoni, akiangalia ile meza ya kaka yake, na mashine iliyosema wiki nzima haifunguliwi. Nikaacha. Kesho yake Mzee Ombati akaja. Nilisikia mazungumzo yao kutoka chumbani.

"Mzee, mashine iko sawa?"

"Tulibarikiwa," alisema Mzee Ombati. "Jumapili iliongea vizuri sana."

"Jumapili," akasema Jayanti.

"Vizuri sana."

Basi. Mzee akaondoka na mashine yake. Miezi kadhaa baadaye nilikuwa Nairobi kununua vifaa, niliporudi nikaona kwenye daftari la kazi maandishi ya Jayanti: Gesima, fyuzi. Nilimuuliza, nikijaribu kuonekana sijali, "Uliifungua?" Akasema, "Fyuzi iko nje. Wewe mwenyewe naweka nje." Ni kweli, nilikuwa nimeiweka nje, kwa nyuma, ya kuzungushwa kwa vidole. Nikashusha pumzi. Mashine haikurudi tena.

Kutoka kile chumba nilitoa mashine ya pili, ya tatu, na zilizofuata. Kitambaa laini kwa upande wa sauti. Gunia kwa upande wa umeme mkubwa, ambako halina madhara. Bao likatwe sawa na uzi. Matundu yasipangwe kwenye uzi mmoja, yapishane, kila moja lijifichie njia yake. Wahandisi wananiambia kwamba kila mfumo wa kitambaa una namba yake na vitabu vyake. Inawezekana. Mimi hukishika mbele ya dirisha. Na kila mtu aliyeniuliza nilivyoanza nilimwambia kwamba mashine yangu ya kwanza ilisema Gesima wiki nzima bila kunyamaza. Nimelisema mbele ya mawaziri. Jayanti alilisikia mara nyingi, akiwa amekaa kiti cha mbele, na kila mara aliinamisha kichwa upande mmoja.

Jioni ya Ijumaa ile niliyorudishiwa mashine, watu walipokuwa wametoka ofisini na jua bado lipo dirishani, nilichukua bisibisi nikafungua kifuniko. Skrubu nne. Vumbi, kiota cha mdudu, harufu ya moshi wa kuni. Bao langu la gunia lilikuwa pale na maduara yake meupe, yamekuwa manjano. Na kile kipande nilichokiacha kikining'inia hakikuning'inia. Miguu yake ilikuwa imenyooshwa, imeshikizwa juu ya bao kwa uzi wa pamba uliopakwa nta. Umezungushwa mara mbili, umepitishwa chini, umekazwa. Mkia wake ulikuwa na urefu wa punje ya mchele.

Niliutazama mpaka mwanga ukapungua. Nilifunga kifuniko, skrubu nne, nikaiweka mashine juu ya kabati, kibati kikiwa kimeelekea ukutani.